Maji Kwanza, Hekta Baadaye: Majibu kwa Madai Sita ya Umwagiliaji Tanzania

Katika mwaka wa fedha 2021/22 bajeti ya umwagiliaji Tanzania ilikuwa shilingi bilioni 46.5. Mwaka uliofuata ilipanda hadi bilioni 361.5, na bajeti nzima ya Wizara ya Kilimo ikaruka kutoka bilioni 294 hadi bilioni 954. Naunga mkono uwekezaji huo. Nchi ambayo wakulima wake wengi hutazama mawingu kabla ya kupanda haiwezi kuendelea hivyo huku mvua za vuli zikichelewa na za masika zikija na mafuriko.

Lakini kwa kuwa fedha sasa zipo, madai yanayorudiwa bungeni, redioni na kwenye mikutano ya hadhara hayana budi kupimwa. Mengi yana ukweli nusu, na ile nusu isiyo ya kweli ndiyo inayotuharibia miradi. Nayajibu sita hapa, moja baada ya jingine. Msimamo wangu ni mmoja: umwagiliaji hupimwa kwa maji yanayomfikia mkulima aliye mwisho wa mfereji, na kwa chakula kinachotokana na maji hayo. Idadi ya hekta na urefu wa mifereji ya zege ni maandalizi tu.

Dai la kwanza: “Tuna hekta milioni 29.4 zinazofaa kumwagiliwa. Tukizitumia zote, tutalisha Afrika.”

Namba hii hutajwa karibu katika kila hotuba ya kilimo. Chanzo chake ni Mpango Kabambe wa Taifa wa Umwagiliaji wa mwaka 2002, na mpango huo wenyewe ulikuwa na tahadhari kuliko wanaounukuu. Uliigawa ardhi hiyo katika madaraja matatu: hekta milioni 2.3 zenye uwezekano mkubwa wa kumwagiliwa, milioni 4.8 zenye uwezekano wa kati, na milioni 22.3 zenye uwezekano mdogo. Zaidi ya robo tatu ya namba tunayojivunia imo katika daraja la mwisho.

Tufanye hesabu. Hekta moja ya mpunga, tangu kuvuruga majaruba hadi kukausha maji kabla ya kuvuna, kwa kawaida huhitaji takribani mita za ujazo 10,000 za maji, na katika skimu nyingi hutumia zaidi. Zidisha kwa hekta milioni 29.4 upate mita za ujazo bilioni 294. Serikali yenyewe inasema rasilimali zote za maji nchini, za juu na za chini ya ardhi, ni mita za ujazo bilioni 126 kwa mwaka. Hata tukiacha mpunga na kupanda mazao yanayotumia nusu ya maji hayo, tutahitaji bilioni 147. Hapo hatujampa maji mkazi wa Dar es Salaam, ng'ombe wa Simanjiro, mitambo ya umeme wala mto wenyewe.

Kwa hiyo kinachotubana ni maji, na ardhi tunayo ya kutosha. Mwaka 2022 eneo lililotajwa kuwa linamwagiliwa lilikuwa hekta 727,280, na lengo lilikuwa kufikia milioni 1.2 ifikapo 2025. Lengo hilo halikusema maji yangefika mara ngapi kwa mwaka. Skimu inayopata maji wakati wa masika tu, mvua yenyewe ikinyesha, huhesabiwa sawa na skimu inayovuna misimu miwili. Katika bonde la Usangu, eneo la mpunga limekuwa likipanda na kushuka kati ya hekta 20,000 na 40,000 kufuatana na mvua za mwaka. Mifereji ni ile ile. Kinachobadilika ni mto.

Dai la pili: “Mifereji ya asili hupoteza maji. Tujenge mabanio ya zege na maji yataokolewa.”

Hili lina upande wa kweli, na nauanza huo. Banio la mawe, miti na majani husombwa na mafuriko. Kila mwaka wakulima hurudi mtoni kulijenga upya, kwa siku nyingi za kazi ngumu ndani ya maji. Banio la zege linawapunguzia adha hiyo, na yeyote aliyewahi kubeba mawe mtoni hatalidharau.

Ila kumpunguzia mkulima kazi ni jambo moja na kuokoa maji ni jambo jingine. Banio la mawe huvuja, na maji yanayovuja hubaki mtoni kwa ajili ya kijiji cha chini. Mafuriko yakija huvunjika, na mto hupita. Banio la zege lenye lango la chuma halivuji: kiangazi, maji yakiwa machache, mwenye lango la juu anaweza kuuchukua mto wote. Hayo yalionekana Usangu baada ya mabanio kuboreshwa, ikiwemo kupitia mradi wa Benki ya Dunia ulioanza mwaka 1996 katika mabonde ya Rufiji na Pangani. Watafiti waliofanya kazi huko kwa miaka, akiwemo Bruce Lankford, walieleza kwamba uboreshaji uliwapa wa juu uwezo wa kuchukua maji zaidi na ukavuruga mgawanyo uliokuwepo baina yao na wa chini.

Tuulize pia maji “yanayopotea” huenda wapi. Yanayotoka kwenye jaruba la juu huingia kwenye jaruba la chini. Yanayotoka mwisho wa skimu hurudi mtoni au huchukuliwa na shamba jingine. Usangu kuna wakulima wanaolima kwa maji ya marejeo tu. Ukiyaziba hayo kwa jina la ufanisi na kuyapeleka kwenye hekta mpya za juu, hujaokoa tone. Umemnyang'anya mtu mmoja ukampa mwingine, kisha ukaandika kwenye ripoti kwamba eneo limeongezeka.

Zege lijengwe, ila lijengwe kwa kugawa. Badala ya lango linaloweza kufunga mto mzima, banio liwe na mgawo wa kudumu: sehemu kadhaa ziingie mferejini na sehemu kadhaa ziendelee na safari, mto ukijaa au ukipungua.

Dai la tatu: “Wakulima na wafugaji wa Usangu ndio waliokausha Ruaha Mkuu na kutuletea mgao wa umeme.”

Hapa mambo mawili yamechanganywa na kufanywa moja, na watu wameumia kwa mchanganyiko huo.

La kwanza ni kweli. Tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Sababu inaeleweka vizuri. Mito ya Usangu huingia kwenye ardhioevu ya Ihefu, na Ihefu hutoa maji kwa kupitia juu ya mwamba wa Ng'iriama. Kina cha Ihefu kikishuka chini ya mwamba, mto unasimama. Maji ya kiangazi ni machache, kwa hiyo kiasi kidogo kinachochukuliwa na kila banio, kikijumlishwa, kinatosha kuishusha Ihefu. Bandu bandu huisha gogo. Viboko na samaki wanaokwama kwenye madimbwi ni matokeo ya hilo, na mkulima wa kiangazi hawezi kukwepa sehemu yake.

La pili si kweli. Bwawa la Mtera, lililojengwa kuhifadhi maji ya mitambo ya Kidatu, hujazwa na mafuriko ya msimu wa mvua. Kijito cha kiangazi, hata kingeachwa chote kipite, ni kidogo mno kulijaza bwawa la ukubwa ule. Wataalamu waliochunguza mgao wa miaka ya mwanzo ya 1990 walionyesha kwamba tatizo lilihusu zaidi namna mabwawa ya Mtera na Kidatu yalivyoendeshwa kwa pamoja, yaani lini maji yafunguliwe na kiasi gani kiachwe kwa ajili ya mwaka mbaya. Hayo ni maamuzi ya chumba cha kuendeshea mitambo. Hayakufanyika kwenye jaruba la Mbarali, huko Usangu.

Lakini lawama zilishuka kwa walio wanyonge. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliiahidi dunia kwamba Ruaha Mkuu ungetiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka 2006 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Usangu kwa nguvu, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na hifadhi. Mwaka 2010 ulipita na mto bado hukatika kiangazi. Mpaka wa hifadhi uliowekwa na tangazo la serikali la 2008, ule ambao wana-Mbarali wanaujua kama GN 28, ukawaachia wanavijiji miaka mingi ya mgogoro. Ugonjwa uliotambuliwa kimakosa ulipewa dawa kali, na mgonjwa hakupona.

Somo hili lina uzito zaidi leo kwa sababu Ruaha Mkuu ni mmoja wa mito inayolisha Rufiji juu ya Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Umeme ukipungua siku moja, kidole kitatafuta wa kumnyooshea. Bonde la Ruaha Mkuu ni karibu nusu ya bonde zima la Rufiji kwa eneo, lakini mchango wake wa maji ni takribani asilimia 15. Kilombero peke yake huchangia zaidi ya asilimia 60. Anayetaka kulinda bwawa hilo aanze na vyanzo na misitu ya Kilombero.

Dai la nne: “Wakulima wadogo hawawezi kulisha taifa. Tunahitaji mashamba makubwa ya umwagiliaji.”

Tumeshajaribu. Shirika la umma la kilimo na chakula, NAFCO, lilipewa ardhi nzuri, mitambo, wataalamu na maji ya kwanza kutoka mtoni: Mbarali, shamba lililojengwa kwa msaada wa China katika miaka ya 1970, kisha Kapunga na Dakawa. Mwishowe shirika lilishindwa kujiendesha na mashamba yakagawiwa au kuuzwa. Dakawa, kule Mvomero, hekta 2,000 zilikwenda kwa wakulima wadogo kupitia ushirika wao wa UWAWAKUDA. Wamelima, wamevuna, wamehangaika na bili za umeme wa pampu zinazovuta maji ya mto Wami, lakini shamba linalimwa.

Jirani zetu wa Kenya nao wana kumbukumbu zao. Mradi wa Bura, kando ya mto Tana, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, ulikusudiwa kumwagilia hekta 6,700. Ulifikia takribani 2,500, kwa gharama kubwa sana kwa kila hekta, na pampu za dizeli zikawa mzigo usiobebeka. Mwaka 2014 ukaja mradi wa Galana-Kulalu, uliotangazwa kwa ekari milioni moja na kuanza na shamba la mfano la ekari 10,000. Mkandarasi aliondoka mwaka 2019 kazi ikiwa haijakamilika. Katika miradi yote miwili ardhi tambarare ilikuwepo na mto ulikuwepo. Kilichokosekana ni hesabu ya kweli ya gharama ya kulifikisha kila debe la maji shambani.

Wakati huo huo sehemu kubwa ya mchele wa Tanzania hutoka kwa watu ambao hakuna mkandarasi aliyewajengea chochote. Wasukuma wa Shinyanga, Mwanza na Tabora walitandaza majaruba yanayokinga maji yanayotiririka juu ya ardhi mvua inaponyesha, wakayajenga kwa jembe la mkono na majembe ya ng'ombe, na wakaigeuza mikoa yenye mvua za wasiwasi kuwa ghala la mpunga. Sera ya chakula isiyowaona hao, kwa sababu hawana banio la kuzinduliwa, inaacha mlangoni hazina yake kubwa.

Sipingi kila shamba kubwa. Napinga kulipa shamba kubwa maji ya kwanza na ruzuku ya kwanza kwa dhana kwamba ukubwa wake peke yake ni ufanisi.

Dai la tano: “Maji yakishafika, mavuno na kipato vitapanda vyenyewe.”

Mfano mzuri kuliko wote ni Lower Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro. Skimu hii ilijengwa kwa mkopo wa Japani kati ya 1984 na 1987, ikikusudiwa kumwagilia hekta 2,300, kati yake 1,100 zikiwa za mpunga. Wakulima walifundishwa katika kituo cha Chekereni: mbegu fupi, kupandikiza kwa mistari, mbolea kwa wakati. Mavuno yalifika tani sita kwa hekta, kiwango ambacho wengi nchini walikuwa hawajakiona.

Kisha mafanikio yenyewe yakawa chanzo cha upungufu. Wakulima wa juu ya skimu, kando ya mto Rau, waliona faida ya jirani zao na wakaanza kulima mpunga. Hawakuwa wezi. Walikuwa watu wenye akili waliouona mto ukipita mbele ya milango yao kwenda kuwatajirisha wengine. Maji ya skimu yakapungua na eneo la mpunga lililokuwa likilimwa kila msimu likasinyaa. Mradi ulikuwa umechorwa kana kwamba mto unaanzia kwenye banio la mradi.

Maji pia hayamlindi mkulima dhidi ya bei. Mwaka 2013 mchele ulioruhusiwa kuingia nchini bila ushuru uliangusha bei, na waliolima kwa mkopo wakabaki na magunia yasiyorudisha gharama. Mwaka 2017 mahindi yalizuiwa kuuzwa nje, na wakulima wa nyanda za juu kusini wakauza kwa hasara. Katika kila skimu kuna wanaouza mpunga ungali shambani kwa sababu ada ya shule au matibabu hayasubiri mavuno. Anayenunua kwa bei hiyo ndiye anayevuna faida ya mfereji. Ghala, mkopo wenye riba inayobebeka na mpaka usiofungwa ghafla ni sehemu ya umwagiliaji, sawa na lango na tuta.

Kuna pia njia ya kupata zaidi kutokana na maji yale yale. Mkindo, wilaya ya Mvomero, wakulima walijifunza kilimo shadidi cha mpunga: mche mchanga, mmoja mmoja, kwa nafasi pana, na jaruba linaloloweshwa na kukaushwa kwa zamu badala ya kufurika muda wote. Maji hupungua na mavuno hupanda. Palizi huongezeka kwa kuwa magugu hayazamishwi, na kazi hiyo mara nyingi huwaangukia wanawake, kwa hiyo mashine za palizi za kusukuma kwa mkono lazima ziende pamoja na mafunzo. Gharama ya kufundisha kijiji kimoja ni ndogo mno ukilinganisha na kilomita moja ya zege.

Dai la sita: “Wakulima hawataki kuchangia. Ndiyo maana skimu hufa.”

Sheria ya Taifa ya Umwagiliaji ya 2013 iliunda Tume ya Taifa ya Umwagiliaji na mfuko wake, na inawataka wakulima wachangie uendeshaji na matengenezo. Hilo ni sawa. Mfereji usiosafishwa hujaa mchanga, na lango lisilotiwa grisi hukwama.

Lakini tuangalie ni akina nani wasiolipa. Mara nyingi ni walio mkiani mwa mfereji, ambao maji huwafikia usiku, nusu, au hayafiki kabisa. Kumdai mtu ada ya maji asiyoyaona ni kumfundisha kuidharau ada. Wa juu naye, asipoona kanuni ikimfunga, hulipa na kuchukua zaidi, akiamini kwamba ameyanunua.

Vibali vya maji vina dosari hiyo hiyo. Huandikwa kwa lita kwa sekunde, namba moja isiyobadilika, ilhali mto hubadilika kila mwezi. Huko Usangu jumla ya maji yaliyoruhusiwa kwa vibali ilizidi kwa mbali maji yaliyokuwepo kiangazi. Kila mwenye kibali alikuwa na haki ya karatasi, na wa kwanza kwenye mto ndiye aliyekuwa na haki ya maji.

Ushahidi kwamba wakulima hujitolea uko Uchagani na Upareni, na umekuwepo kabla ya serikali yoyote ya kisasa. Mifongo, yaani mifereji ya asili ya Kilimanjaro, na ndiva za Upare, mabwawa madogo yanayokusanya maji ya usiku ili yagawiwe asubuhi, zilichimbwa na kutunzwa na watumiaji wenyewe. Asiyefika siku ya kusafisha mfereji alitozwa faini au alikosa zamu. Kanuni ilishika kwa sababu zamu ilikuwa ya kweli: aliyefanya kazi alipata maji, na kila mtu aliona.

Kinachopaswa kubadilika

Ukiyaweka majibu haya sita pamoja, yote yanaelekea mahali pamoja. Sera yetu hupanga kuanzia kwenye ujenzi na kushuka hadi kwa mkulima. Inapaswa kuanza na mto wa kiangazi, ipitie kwenye makubaliano ya walio juu na walio chini, kisha ndipo mhandisi achore.

Hilo linaweza kudaiwa kwa lugha nyepesi. Kabla waheshimiwa wabunge hawajapitisha fedha za skimu yoyote, Tume iweke hadharani mambo manne: kipimo cha maji ya mto mwezi wa Oktoba mahali banio litakapojengwa, mgawo uliokubaliwa na vijiji vya juu na chini ya banio, ukiwa umesainiwa, hekta za mkiani zitakazopata maji misimu miwili, na gharama ya uendeshaji kwa hekta, ikilinganishwa na bei halisi ya gunia la mpunga wakati wa mavuno. Baada ya miaka mitatu vipimo hivyo hivyo virudiwe na visomwe kijijini, mbele ya wakulima wa skimu hiyo.

Skimu isiyoweza kujibu maswali hayo manne haijawa tayari kujengwa, hata kama fedha zake zipo. Inayoweza kuyajibu ipewe fedha zote inazohitaji, na mapema, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayoweka chakula mezani mwaka ambao mvua imekataa.